Kulipima Ini Bila ya Kulichoma

Lugha yetu imelipa ini cheo kikubwa. Mtu akiumizwa na maneno husema yamemkata maini. Hasemi yamemkata mapafu wala figo. Anayejifunza Kiswahili aweza kudhani kwamba katika mwili mzima hakuna kiungo chenye hisia kama hicho. Kumbe ini lenyewe ni kiungo bubu. Ndani ya nyama yake hamna mishipa ya kuhisi maumivu. Utando mwembamba uliolifunika ndio pekee unaohisi, nao hulalamika pale tu ini linapovimba na kuuvuta. Ini laweza kujaa mafuta, likashika uvimbe wa ndani kwa ndani, likaota kovu juu ya kovu kwa miaka ishirini, na mwenye nalo akala, akalala na kuamka kwenda kazini bila ya kuwa na habari. Siku atakapopata habari, tumbo litakuwa limejaa maji au macho yamegeuka manjano.

Kwa hiyo historia ya kulipima ini ni historia ya kumhoji shahidi asiyesema. Nimeifuatilia tangu nilipostaafu, kwa sababu itakayoonekana huko mbele, nikisaidiwa na mwanafunzi wangu wa zamani ambaye binti yake ni daktari na ana subira na wazee.

Njia ya kwanza ya kumhoji shahidi huyo ilikuwa ya nguvu. Mwaka 1883 Paul Ehrlich, Mjerumani yule yule aliyekuja kusifika kwa dawa ya kaswende, aliingiza sindano katika ini la mgonjwa wa kisukari akavuta chembe kidogo ili aone kama zina glaikojeni, ile sukari ambayo ini huiweka akiba. Kazi hiyo ilibaki kuwa ya wachache na ya hatari mpaka mwaka 1958, pale Giorgio Menghini wa Italia alipotangaza sindano yake iliyokaa ndani ya ini kwa muda wa sekunde moja tu. Mgonjwa anaambiwa azuie pumzi, sindano inaingia na kutoka, na kipande kama uzi mfupi kimepatikana. Tangu hapo kukata kinyama cha ini, yaani baiopsi, kukawa ndiyo mahakama ya rufaa: likisemwa na kinyama, limesemwa.

Walakini mahakama hiyo ilikuwa na kasoro ambayo mwalimu yeyote angeiona. Kile kipande ni takriban sehemu moja tu kati ya sehemu 50,000 za ini. Hebu nipe daftari la mwanafunzi lenye kurasa mia, unioneshe nusu ya neno moja, halafu uniambie nimpe maksi za mwaka mzima. Mwaka 2005 Vlad Ratziu na wenzake wa Paris walichapisha matokeo ya wagonjwa 51 wa ini lenye mafuta, ambao kila mmoja alikatwa vipande viwili kwa wakati mmoja. Mara nyingi vipande viwili vya ini moja havikukubaliana juu ya ukubwa wa kovu. Tena sindano huuma, na mara chache humwaga damu, na kwa nadra huua. Huwezi kumchoma kila mwenye kitambi katika nchi. Ndiyo maana watu wakaanza kuitazama damu.

Hapo ndipo hadithi inaponivutia zaidi, kwa kuwa waliofungua mlango hawakuwa wakilitafuta ini. Walikuwa wakiutafuta moyo. Mwaka 1954, huko New York, John LaDue, Felix Wróblewski na kijana Arthur Karmen walionesha kwamba mtu akipatwa na shambulio la moyo, kimeng'enya fulani huongezeka katika damu yake. Kimeng'enya hicho leo twakiita AST. Maelezo yake ni mepesi: kila seli ni mtungi, na ndani ya mtungi mna vimeng'enya vya kazi, mtungi ukipasuka, vilivyomo huvuja na kuingia katika damu. Karmen alibuni njia ya kukipima kwa kutazama jinsi mwanga unavyomezwa na maji ya damu, njia ambayo maabara za dunia ziliifuata kwa miaka mingi. Mwaka 1955 Fernando De Ritis na wenzake wa Napoli wakaona kwamba wagonjwa wa homa ya ini nao vimeng'enya vyao vimepanda. Mwaka 1956 Wróblewski na LaDue wakakileta kile cha pili, ALT, ambacho kwa wingi wake ni cha ini zaidi kuliko AST.

Vipimo hivi viwili vikaenea kila mahali. Ni rahisi, na mashine ndogo yaweza kuvifanya. Bali vilikuwa na udhaifu ambao madaktari wengi walichelewa kuutilia maanani: vinapima mtungi unaovuja sasa, havipimi kovu lililokwisha kuganda. Nyumba inayoungua hutoa moshi. Iliyokwisha kuungua haitoi kitu. Kuna watu wenye ini lililokauka kabisa ambao ALT yao ni ya kawaida, wakaambiwa warudi nyumbani kwa amani. Na ugonjwa huu wa mafuta ukiwa katika hatua zake za mwanzo huvujisha kidogo tu, kiasi cha kuandikiwa pembeni "imepanda kidogo".

Sasa nije kwenye ugonjwa wenyewe. Kwamba ini la mlevi hujaa mafuta na kukauka lilijulikana tangu karne ya 19. Elimu hiyo ilikuwa sahihi, na kwa usahihi wake ikazaa dhuluma. Ikawa kila ini lenye mafuta ni la mlevi, na kila anayekana ni mwongo. Mwaka 1980 Jurgen Ludwig, mtaalamu wa kuchunguza vinyama katika kliniki ya Mayo huko Rochester, jimbo la Minnesota, alichapisha pamoja na wenzake habari za wagonjwa 20. Maini yao chini ya hadubini yalikuwa sawa na ya walevi, nao hawakuwa walevi. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Wengi walikuwa wanene kiasi, na wengi walikuwa na kisukari au vijiwe vya nyongo. Ludwig alisema waziwazi kwamba ugonjwa huo ulikuwa haujapewa jina, akaupa jina ambalo kwa maneno yetu ni uvimbe wa ini lenye mafuta usiotokana na ulevi.

Jina hilo liliwatetea watu wengi, nami nampa Ludwig haki yake. Lakini ukilifikiri, ni jina la ajabu. Kumwita mtu "asiye mwizi" ni kumtetea na kumtia shaka kwa pumzi moja. Ilipita miaka 43 kabla ya vyama vya wataalamu wa ini kukubaliana, mwaka 2023, kuliacha na kuuita ugonjwa kwa sababu yake: ini lenye mafuta litokanalo na kasoro za mwili katika kutumia chakula. Mwenye ini la mafuta akiwa pia na kitambi, kisukari, shinikizo la damu au mafuta mabaya katika damu, na asiwe mnywaji wa kiasi cha kulidhuru ini, huhesabiwa humo. Katika watu wazima wa dunia nzima, takriban watatu kwa kila kumi wanao. Wengi wao watabaki na mafuta tu na kufa kwa mambo mengine, hasa moyo. Wachache wataota kovu. Na katika ugonjwa huu kovu ndilo linaloamua habari ya ini kuliko mafuta yenyewe. Kwa hiyo swali la kuulizwa mapema si kama mtu ana mafuta, kwa kuwa wenye mafuta ni halaiki. La kuuliza ni kama amekwisha kuanza kuota kovu.

Nilikuwa na mwalimu mwenzangu pale chuoni aliyefundisha Hesabu. Mimi nilifundisha Historia kabla sijapewa ukuu wa chuo, na kwa miaka mingi tulitaniana kwamba yeye anafundisha yaliyo ya kweli siku zote na mimi yale yaliyokuwa kweli siku moja. Alikuwa mtu wa dini, mnene, mpenda wali na soda, na kisukari kilimwanza akiwa na miaka arobaini na kidogo. Pombe hakuijua ladha yake. Mwaka 2011 alipelekwa hospitali moja kwa sababu ya uchovu. Walimpima damu, wakampiga picha ya mawimbi ya sauti iliyoonesha ini limejaa mafuta; homa ya ini aina ya B na C hakuwa nayo. Daktari aliyempokea alizisoma karatasi, akamwambia, "Mzee, punguza pombe." Akajibu kwamba hajawahi kuonja. Daktari akacheka, akasema, "Wote husema hivyo."

Alinisimulia mwenyewe jioni ile, amekaa barazani kwangu, na hakuwa mtu wa kulalamika. Kilichomkata maini si ugonjwa. Ni kule kucheka mbele ya mkewe. Hakurudi tena katika hospitali ile wala nyingine kwa miaka miwili na zaidi, na aliporudi alikuwa anabebwa. Alifariki mwaka 2014, tumbo limejaa maji, na msibani palikuwa na watu walionong'ona kuhusu chupa.

Shemeji alizihifadhi karatasi zake zote katika mkoba wa plastiki, naye miaka michache iliyopita alinipa nizisome, kwa kuwa alijua napenda karatasi za zamani. Nitazirudia baada ya kueleza jambo lililokuwa limetokea mbali na hapa.

Mnamo miaka ya mwisho ya 1990 wataalamu walianza kujiuliza: ikiwa kipimo kimoja cha damu hakitoshi, je, tukivijumlisha kadhaa? Wafaransa walitangulia. Mwaka 2001 Françoise Imbert-Bismut, Thierry Poynard na wenzao wa Paris walitoa kipimo kinachounganisha viashiria vitano vya damu kwa wagonjwa wa homa ya ini aina ya C. Kilifanya kazi vizuri, nacho kikauzwa. Kanuni yake haikuwa ya kufanywa na mtu kwa kalamu, na baadhi ya viashiria vyake havipimwi katika maabara ya kawaida. Mwaka 2004 William Rosenberg na wenzake wa Ulaya wakaja na kingine kinachotazama vitu vitatu vinavyotokana na kazi yenyewe ya kufuma kovu. Nacho ni kizuri. Uingereza ilikipendekeza mwaka 2016 kwa wenye ini la mafuta, na Marekani ikakiruhusu mwaka 2021. Nacho pia kinauzwa. Sina ugomvi na mtu kuuza akili yake. Lakini kipimo kisichofika zahanati ni kama kitabu kilichofungiwa kabatini kwa mkuu wa shule ili kisichafuke.

Wengine walichukua njia ya maskini, nayo ndiyo ninayoipenda. Mwaka 2003 Chun-Tao Wai, Anna Lok na wenzao wa Chuo Kikuu cha Michigan walionesha kwamba ukichukua AST tu na kuigawanya kwa idadi ya chembe sahani za damu, kwa utaratibu fulani, utapata dalili nzuri ya kovu. Mwaka 2006 Richard Sterling wa Richmond, Virginia, na wenzake wakaendelea mbele kidogo. Walitumia kumbukumbu za wagonjwa 832 waliokuwa na virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya C kwa pamoja, watu waliokuwa wamekwisha kukatwa kinyama kwa ajili ya utafiti wa dawa. Wakaitafuta hesabu itakayokaribiana na majibu ya kinyama kwa kutumia vitu ambavyo kila hospitali inavyo. Walipata vinne: umri, AST, ALT na chembe sahani. Wakaiita FIB-4.

Hesabu yenyewe ni ya mstari mmoja. Zidisha umri kwa AST. Weka pembeni. Tafuta kipeuo cha pili cha ALT, ukizidishe kwa idadi ya chembe sahani katika maelfu. Gawanya la kwanza kwa la pili. Basi.

Kila sehemu ina sababu yake. Umri upo juu kwa kuwa kovu linataka miaka. AST ipo juu kwa kuwa kadiri ini linavyozidi kukauka, ndivyo AST inavyozidi kuipita ALT. Ndiyo maana ALT ikawekwa chini, tena kwa kipeuo, ili isipewe nguvu kupita kiasi. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, ndizo za ajabu zaidi, maana hazitengenezwi na ini. Zinatengenezwa ndani ya mifupa. Lakini ini likijaa kovu, damu itokayo tumboni hukosa njia, inarudi nyuma kama maji ya mfereji uliozibwa, wengu unavimba, na wengu uliovimba huzikamata chembe sahani na kuzizuia. Tena ini ndilo litoalo kichocheo cha kuiamrisha mifupa izitengeneze, na ini likichoka, amri nayo hupungua. Kwa hiyo hesabu ya chembe za damu, karatasi ambayo kila hospitali ya wilaya huitoa kwa sababu ya malaria au upungufu wa damu, ilikuwa tangu zamani imebeba habari za ini, na hakuna aliyeiuliza.

Mwaka 2009 watafiti wa Marekani waliijaribu hesabu ya Sterling kwa wagonjwa wa ini lenye mafuta, wakaweka mipaka ambayo hutumika mpaka leo. Chini ya 1.30, uwezekano wa kovu kubwa ni mdogo. Juu ya 2.67, mgonjwa atafutwe kwa makini. Katikati ni ukungu, na aliye katika ukungu hupimwa kwa njia nyingine, hasa ile mashine ya Kifaransa, iliyotokea mwaka 2003, inayougonga ubavu kwa mtikisiko mdogo na kupima ugumu wa ini kama mama anavyoligonga nazi sokoni.

Sasa zile karatasi katika mkoba wa plastiki. Ya zamani zaidi ni ya mwaka 2004, alipopimwa kwa ajili ya kisukari. Alikuwa na miaka 48. AST 44, ALT 64, chembe sahani 210. Mara 48 kwa 44 ni 2,112. Kipeuo cha 64 ni 8, mara 210 ni 1,680. Jibu ni 1.26. Wakati huo hesabu hii ilikuwa haijaandikwa na mtu yeyote, na hata kama ingekuwapo isingemtia hofu. Ingesema tu apunguze uzito, arudi apimwe tena. Karatasi ya pili ni ile ya 2011. Miaka 55. AST 52, ALT 49, chembe sahani 140. Mara 55 kwa 52 ni 2,860. Kipeuo cha 49 ni 7, mara 140 ni 980. Jibu ni 2.92.

Tazama vizuri, msomaji wangu, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Katika maabara nyingi AST na ALT huhesabiwa za kawaida mpaka karibu 40, na chembe sahani kuanzia 150. Kwa hiyo kila namba katika karatasi ile imekosea kwa hatua chache tu. ALT ilikuwa hata imeshuka kuliko mwaka 2004, na mtu angeweza kusema anaendelea vizuri. Tena namba hizo zilikuwa katika karatasi mbili tofauti, moja ya vimeng'enya na moja ya chembe za damu, na umri wake uko juu ya jalada. Shuleni tunamjua mwanafunzi wa namna hiyo. Mwalimu wa Kiswahili anasema hajambo, wa Jiografia anasema hajambo, wa Sayansi anasema anajitahidi. Mpaka mwalimu wa darasa akusanye maksi zote katika karatasi moja ndipo aonekane kwamba mtoto anazama. Ini la rafiki yangu halikuwa na mwalimu wa darasa. Na hesabu yenyewe ilikuwa imechapishwa miaka mitano nyuma, isiyohitaji kitu ila kalamu. Mwenye kulaza kalamu ile mezani alikuwa mwalimu wa Hesabu, na angeimaliza kabla ya daktari hajamaliza kucheka.

Isidhaniwe nasema kwamba namba ingemponya. Mwaka 2011 dawa iliyothibitishwa kwa ugonjwa huu haikuwapo. Lakini palikuwa na kupunguza uzito, nako si kitu kidogo. Huko Cuba, Eduardo Vilar-Gomez na wenzake walichapisha mwaka 2015 matokeo ya wagonjwa 293 waliofundishwa kula na kutembea kwa mwaka mmoja. Katika wale waliopunguza sehemu moja ya kumi ya uzito wao au zaidi, uvimbe wa ini uliisha kwa watu tisa katika kila kumi, na kovu lenyewe lilirudi nyuma kwa karibu nusu yao. Kovu kurudi nyuma! Sisi tulifundishwa kwamba ini lililoota kovu limekwisha. Dawa ya kwanza iliruhusiwa Marekani mwezi Machi 2024, nayo ni resmetirom, na mwezi Agosti 2025 ikafuata semaglutide, ile sindano ya kupunguza uzito ambayo majina yake ya biashara yanatajwa kila mahali. Zote mbili ni kwa wale ambao kovu limekuwa la maana lakini ini halijakauka. Yaani ni kwa wale waliogunduliwa mapema, na bei zake ni habari nyingine ambayo sitaki kuianza hapa.

Pia hesabu hii si sahihi kila mahali, na kwetu hili lasemwa kwa sauti. Ina uhodari wa kumwondolea mtu shaka kuliko wa kumtia hatiani. Wengi wanaopata namba kubwa, wakipimwa vizuri, hukutwa hawana kovu. Malaria hushusha chembe sahani kwa siku kadhaa, hata kwa nusu, kwa hiyo kumfanyia mtu hesabu hii akiwa na homa ni kujitafutia hofu ya bure. Na mipaka iliyowekwa kwa Wamarekani haikuletwa na malaika. Gambia na Senegal, kwa wagonjwa wa homa ya ini aina ya B, Maud Lemoine na wenzake walionesha mwaka 2016 kwamba hesabu nyingine, inayotumia kimeng'enya kiitwacho GGT pamoja na chembe sahani, ilifanya kazi vizuri kuliko FIB-4 na ile ya Michigan. Walipoijaribu kwa wagonjwa wa Ufaransa, ubora huo haukuonekana. Shirika la Afya Duniani nalo, ambalo mwaka 2015 lilisema kwa wagonjwa wa aina B kwamba ini lihesabiwe limekauka ikiwa hesabu ya Michigan imepita 2, mwaka 2024 lilishusha mpaka huo hadi 1, na likaweka 0.5 kwa kovu la maana. Nusu nzima! Fikiri ni watu wangapi waliokaa kati ya 1 na 2 kwa miaka tisa, wakiambiwa bado.

Na umri ni mtego. Kwa kuwa miaka ndiyo inayozidishwa, kijana wa chini ya miaka 35 aweza kuwa na kovu na hesabu isimwone, na mzee humwona mgonjwa hata akiwa mzima. Mwaka 2017 Waingereza walipendekeza kwamba kwa aliyepita miaka 65 mpaka wa chini uwe 2.0 badala ya 1.3.

Hilo lanihusu. Mwaka huu nilimpelekea yule binti daktari karatasi zangu. Nina miaka 74. AST 28, ALT 25, chembe sahani 230. Nilikuwa nimekwisha kuifanya hesabu mwenyewe nyuma ya bahasha nikiwa ndani ya daladala, nikapata 1.80. Naye akaipiga katika simu yake, akapata 1.80. "Babu, kwa kijana ningekupeleka mbele," akasema, "kwa umri wako tutarudia mwakani." Kisha akaniuliza kama natumia pombe. Nikamwambia hapana. Akaandika hapana, akageuza karatasi, akaanza kuniuliza juu ya wali wa jioni.